Kushusha siti ya pikipiki kwa shokapu fupi za nyuma: pima kwanza ndo ununue

Pikipiki nyingi tunazoendesha hapa Dodoma, iwe Boxer, TVS, Honda au hizi za Kichina, zimetengenezwa kwa kufikiria mtu wa kimo cha kawaida mwenye abiria na mzigo nyuma, sasa we ukiwa mfupi, au ndo kwanza unajifunza, ukisimama kwenye mataa unajikuta unaigusa lami kwa ncha za vidole tu, mwili mzima umekakamaa. Ukiingia kwenye mchanga wa korongo ndo balaa kabisa, unashusha mguu unazama, pikipiki inaanza kulala na huna pa kuizuia. Dada zetu manesi na mabwana shamba wanaopewa pikipiki za kazi kuzunguka vijiji vya Bahi na Chamwino hili wanalijua vizuri sana. Na yeyote utakayemuuliza anakujibu haraka haraka, "weka shokapu fupi nyuma", utadhani unabadilisha balbu ya sebuleni.

Shokapu fupi zinasaidia, sikatai. Ila zinashusha siti kidogo kuliko mtu anavyodhani, alafu zinakula uwezo wa kubeba mzigo kuliko mtu anavyodhani, na zinagusa vitu vingine vinne vitano ambavyo fundi mwenye haraka hatakuambia. Kwahiyo nitaenda taratibu kwenye vipimo maana ndo penye kazi, kufungua na kufunga nati ni kazi ya nusu saa tu.

Kabla hujaenda dukani lakini, zitazame hizo shokapu ulizonazo. Kwenye springi, mara nyingi upande wa chini, kuna ringi yenye ngazi ngazi, nyingi zina ngazi tano, hiyo ndo inayokaza na kulegeza springi. Pikipiki iliyotoka kwenye biashara ya bodaboda unakuta imekazwa mpaka ngazi ya mwisho kwa ajili ya abiria na magunia, we umeinunua mkononi hujawahi hata kuichungulia. Irudishe ya kwanza au ya pili, pande zote mbili zilingane, kaa juu uone. Kama unaendesha mwenyewe bila mzigo unaweza kushuka milimita kadhaa bure, hujagusa kitu kingine chochote.

Cha pili ni siti yenyewe, na hapa mi nasema wazi, kwa watu wengi siti ingetosha wala tusingefika kwenye shokapu. Kinachokunyima mguu mara nyingi ni upana wa siti pale mbele karibu na tanki, mapaja yanatanuka, mguu unaenda pembeni badala ya kwenda chini. Fundi wa siti anafungua kava, anachonga sponji zile kona mbili za mbele, anapunguza na juu kama sentimita 2 hivi, anarudishia kava yako ileile. Mwambie asiache sponji chini ya sentimita 4, la sivyo siku ukiamua kwenda Mtera utakuwa umekalia plastiki njia nzima. Uzuri wa siti iliyochongwa ni kwamba haigusi cheni, haigusi stendi wala taa, na ekzosi haikwanguliwi na tuta lolote.

Umefanya hayo mawili bado hufiki? Haya sasa tuje kwenye shokapu. Na naongelea pikipiki zenye shokapu mbili nyuma, moja kila upande. Zile za shokapu moja ya katikati, kama Yamaha DT za miradi, mambo yake ni mengine, hesabu za hapa usizipeleke kule.

Urefu wa shokapu unapimwa kutoka katikati ya tundu la juu mpaka katikati ya tundu la chini. Watu wanapima ncha hadi ncha, wanaenda dukani na namba ya uongo. Kupata katikati kwa macho ni shida, kwahiyo kama matundu yote mawili yana ukubwa sawa fanya hivi: weka tepu kwenye ukingo wa juu wa tundu la juu, soma kwenye ukingo wa juu wa tundu la chini, jibu ni lilelile. Alafu pima pikipiki ikiwa kwenye stendi ya kati, tairi la nyuma linaning'inia. Hili nalisisitiza kwa sababu pikipiki ikiwa chini imejikalia yenyewe shokapu zimeshaingia ndani sentimita moja au mbili, ukipima hapo unapata 315 wakati shokapu yako ni 330, unaenda unanunua ya 315 ukijua umenunua saizi ileile uliyonayo, au mbaya zaidi unaomba ya 290 ukiamini unashusha 25 tu kumbe unashusha 40.

Tufanye hesabu kwa mfano. Una shokapu za milimita 330, umepata za 305, tofauti ni 25. Shokapu haijasimama wima juu ya ekseli, imelala kidogo na imefungwa mbele kidogo ya ekseli, kwahiyo tairi linasogea kuelekea kwenye madigadi zaidi ya hizo 25, tuseme 28. Sasa mtu anasema basi siti imeshuka 28. Hapana. Mbele hujagusa kitu, pikipiki inashuka kwa nyuma tu ikizungukia ekseli ya mbele, na wewe hujakaa juu ya ekseli ya nyuma, umekaa kama asilimia 70 ya umbali kutoka ekseli ya mbele kuja nyuma. Zidisha 28 kwa 0.7, unapata kama 20. Sentimita mbili. Umelipia shokapu mpya mbili na umepata sentimita mbili, ambazo fundi wa siti angekupa kwa sponji. Ndo maana nikasema anza na siti, na ukichanganya vyote viwili unapata sentimita nne, hapo mtu aliyekuwa anagusa kwa ncha za vidole anakanyaga vizuri na sehemu ya mbele ya unyayo, na kwa pikipiki hiyo inatosha kabisa, huhitaji visigino viwili vilale chini.

Kipimo changu ni hiki, usizidishe milimita 25 kwenye urefu wa shokapu. Kuna watu wanashusha 40 na 50 kwa ajili ya muonekano, hao waache, pikipiki yao haibebi mtu na haijui njia ya Hombolo kipindi cha mvua.

Sasa kinachoibiwa. Tairi likikaribia madigadi kwa 28, hizo 28 zimetoka kwenye nafasi ya tairi kupanda pale unapopiga shimo. Shokapu ikiwa fupi, mtengenezaji ana njia mbili, apunguze mwendo wa shafti, ile nondo inayoingia na kutoka kwenye silinda ya shokapu, au aache mwendo uleule ila ikiminywa mpaka mwisho iwe fupi zaidi. Akipunguza mwendo, shokapu inagonga mwisho mapema, kwahiyo springi yake inatakiwa iwe ngumu zaidi. Akiacha mwendo uleule, tairi ndo linafika kwenye madigadi kabla shokapu haijaisha, na tairi linalosugua madigadi ukiwa na abiria na gunia kwenye spidi 60 ni kitu kibaya, linaweza kuishika na kuivuta ndani.

Hii unaijua kabla hujanunua chochote, na ndo kipimo ambacho sijawahi kumuona fundi wa haraka akikifanya. Weka pikipiki kwenye stendi ya kati, sehemu ya saruji au lami, mchangani stendi inazama. Legeza kwanza cheni na ile nati ya rodi ya breki ya nyuma, utaona sababu sasa hivi. Toa shokapu zote mbili, tairi litashuka, lishike lisije likavuta rodi ya breki au bomba kama una disiki. Sasa liinue tairi kwa mkono taratibu mpaka libaki kama sentimita 1.5 kufika sehemu ya karibu kuliko zote ndani kule, na usiangalie madigadi tu, chungulia na torchi ya simu uone ncha za boliti za namba na za taa ya nyuma zinazochungulia kwa chini, mara nyingi hizo ndo zinaguswa kwanza, na angalia cheni kava na nyaya zilizofungwa hovyo. Mtu wa pili aweke mbao au matofali chini ya tairi lisimame hapohapo. Alafu pima, katikati ya boliti ya juu ya shokapu mpaka katikati ya boliti ya chini. Tuseme umepata 245. Andika kwenye simu. Maana yake shokapu yoyote utakayonunua, ikiminywa mpaka mwisho kabisa, isiwe fupi kuliko 245. Ikiwa na 240 ujue umeshaanza kuila ile nafasi ya sentimita 1.5 uliyoiacha.

Na urefu ikiminywa utaujuaje dukani bila mashine ya kuiminya? Angalia shafti. Pima sehemu ya shafti inayoonekana kutoka kwenye mdomo wa silinda mpaka kwenye raba ya kizuizi kule juu, toa hiyo kwenye urefu wote. Shokapu ya 305 yenye shafti ya 55 hivi inafika 250, hapo uko salama. Raba nayo inaminyika kidogo ikigongwa kwa nguvu, kwahiyo usikubali namba iliyolingana sawasawa, acha nafasi. Kama shafti imefunikwa na kava la bati au plastiki, nyingine zinatoka kwa kusukumwa na nyingine hazitoki, zisizotoka we achana nazo nenda duka la pili.

Dukani utaambiwa kila kitu kinaingia. "Boss hii inakaa kwenye Boxer, inakaa kwenye TVS, inakaa kwenye zote hii." We mjibu kwa adabu tu, "sawa kaka, naomba tepu basi," na uwe umebeba shokapu moja ya zamani mkononi ya kulinganisha. Vitu vya kulinganisha ni hivi: ukubwa wa tundu la bushi (ile ringi ya ndani ya tundu ambamo boliti inapita) juu na chini, maana kuna za boliti ya milimita 10, kuna za 12 na zaidi, na bushi kubwa kwenye boliti nyembamba inacheza, inagonga kila tuta mpaka inakula boliti. Upana wa bushi, ukiwa mpana kuliko nafasi hautaingia, ukiwa mwembamba unajaza kwa washa, vile visahani vya chuma vya kwenye boliti, lakini pande zote mbili zilingane. Umbo la chini, kuna zinazoishia na tundu na kuna zinazoishia na uma, na kuna pikipiki ambayo upande mmoja ni hivi na wa pili ni vile. Unene wa springi pia, isije ikasugua cheni kava au ekzosi.

Nguvu ya springi ndo ngumu kuijua kwa macho. Zisimamishe mbili chini, ya zamani na mpya, zilalie kwa kifua na uzito wako wote moja moja. Mpya ikiingia kirahisi kuliko ya zamani, hiyo ni ya pikipiki ndogo, iache. Fupi inatakiwa iwe ngumu kidogo kuliko ndefu. Ukiiachia itazame inavyorudi, irudi kwa kujivuta. Ikiruka juu mara moja basi ndani mafuta hamna au hayafanyi kazi, umeshika springi tupu yenye rangi nzuri. Na zile zenye kichupa cha gesi pembeni chenye rangi nyekundu au dhahabu, nyingi za bei rahisi kile kichupa ni urembo tu hakina kitu, usikilipie zaidi. Nunua jozi, zote mbili za aina moja siku moja, usichanganye mpya na ya zamani hata kama fundi anakuapia kwamba zinalingana.

Kufunga sasa. Vifaa ni vya kawaida, spana namba 14 na 17 ndo zinafanya kazi kwenye pikipiki nyingi, soketi yenye mkono mrefu, nyundo ya mpira au kipande cha mbao, msasa, grisi, na mafuta ya kulainisha kutu. Boliti za chini kwa huku kwetu zinakula vumbi jekundu kiangazi chote alafu masika zinakula matope, ule mchanganyiko unakauka kwenye uzi unakuwa mgumu balaa. Zipulizie mafuta jioni, acha zilale, asubuhi zinafunguka bila kelele. Ukizilazimisha siku hiyohiyo unaweza ukakata ile boliti ya juu ambayo imechomelewa kwenye fremu, na hapo umetoka kwenye kazi ya spana umeingia kwenye kazi ya welding.

Pikipiki nyingi za biashara zina keria ya chuma iliyofungwa kwenye boliti zilezile za juu za shokapu. Itoe kwanza, na kumbuka mpangilio wa washa, piga picha na simu, kwa sababu washa ikikaa nje wakati inatakiwa ndani shokapu inavutwa upande na bushi inakatika mapema. Upande wa ekzosi inaweza ikabidi ulegeze boliti ya ekzosi ili spana iingie, usiitoe yote, legeza tu isogee.

Kuna kitu kinachosumbua wengi hapa. Ukibadilisha shokapu za urefu uleule unatoa moja unafunga moja, ile nyingine inashika pikipiki. Fupi huwezi kufanya hivyo, ukifunga fupi upande mmoja na ndefu bado ipo upande wa pili matundu hayatakutana kamwe, utahangaika na nyundo mpaka giza. Toa zote mbili, alafu mtu wa pili ainue tairi kwa kipande cha mbao kama wenzo, we unaingiza juu kwanza pande zote, baadae chini. Shokapu nyingi za kawaida zina upande wa juu na upande wa chini, ile sehemu nene yenye mafuta inakaa chini, usizigeuze ukidhani zinapendeza zaidi. Safisha boliti na msasa, paka grisi nyembamba pale bushi inapokaa, kwenye uzi usijaze. Kaza kwa mkono zote nne, shusha pikipiki chini, kaa juu uichezeshe mara kadhaa bushi zijipange, ndo ukaze mwisho. Kwa boliti ya milimita 10 nguvu ya kukaza ya kama Nm 35 hadi 40 (kwa mwenye spana ya kupimia) inatosha, kwa mkono wa kawaida na spana ya kawaida ni kukaza vizuri bila kuongeza bomba kwenye spana.

Umefikiri umemaliza. Bado.

Cheni. Mkono wa nyuma, yaani ule mkono wa chuma unaolishika tairi la nyuma, ukikaa umenyooka zaidi, umbali kati ya sproketi ya mbele na ya nyuma unaongezeka kidogo, cheni inakaza. Cheni iliyokuwa sawa jana leo inaweza ikawa imebana, na cheni iliyobana inaua bearingi ya sproketi ya mbele na ya hub ya tairi la nyuma. Mahali inapobana kuliko pote ni pale sproketi ya mbele, boliti ya mkono wa nyuma na ekseli zinapokuwa kwenye mstari mmoja. Mwambie mtu mzito akae nyuma mpaka ufike hapo, alafu pima kulegea kwa cheni katikati upande wa chini, hapo iwe na kamchezo kidogo tu lakini isiwe imekaza kabisa. Mtu akishuka utakuta inacheza kama milimita 20 mpaka 30 na hiyo ndo sawa. Ukimaliza angalia alama za pande zote mbili za ekseli zilingane, tairi lisikae kwa kupinda.

Breki ya nyuma. Ile nati uliyoilegeza mwanzo irudishe, pedeli iwe na mchezo wa kama sentimita 2 hadi 3 kabla haijashika, zungusha tairi uhakikishe haisugui, alafu akae mtu nyuma uzungushe tena, maana ikiwa safi bila mtu na inashika akikaa mtu utachoma breki shuu kabla hujafika Kibaigwa.

Stendi ya pembeni ndo inayoangusha pikipiki nyingi zilizoshushwa. Pikipiki imeshuka, stendi ina urefu uleule, kwahiyo inasimama wima mno, na upepo wa Dodoma wa mwezi wa nane na wa tisa unaujua, unakuja wenyewe na vumbi lake, ukirudi dukani unakuta imelalia upande wa pili. Stendi inabidi ikatwe. Usikate kwa kukisia, kuna namna ya kujaribu kwanza: weka vipande viwili vya mbao vya unene wa milimita 15 chini ya matairi yote mawili, stendi ikae chini yenyewe bila mbao, tazama inavyolala. Imelala vizuri? Basi kata hizo 15. Bado wima? Ongeza kibao. Imelala sana? Punguza. Kwa shokapu zilizofupishwa 25, mara nyingi ni humohumo kwenye 15, kwa sababu stendi iko katikati ya pikipiki na katikati haishuki kama nyuma. Itoe stendi kwenye pikipiki ndo uipeleke kwa mchomeleaji, asichomelee ikiwa imefungwa, umeme wa welding unaweza kuharibu vitu vya umeme vya pikipiki. Na ukiwa hapohapo mwambie aongeze kisahani kipana chini ya stendi, kwa mchanga wetu huu utamshukuru.

Stendi ya kati yenyewe huikati, ila ujue kuipandisha pikipiki itakuwa nzito kuliko mwanzo, kwa sababu inaanzia chini zaidi na inafika palepale. Kwa mtu mfupi mwenye mwili mdogo hili linauma kidogo, na ni sababu nyingine ya kutozidisha 25.

Taa kubwa, hii watu hawaikumbuki kabisa. Nyuma ikishuka mbele inainuka, taa inamulika minazi ambayo Dodoma hata hatuna, na barabarani unawachoma macho wanaokuja mbele yako, hao madereva wa malori ya njia ya Morogoro nao watakulipa kwa taa za full. Simamisha pikipiki mbele ya ukuta mita tano hivi usiku, we umekaa juu, weka alama na chaki mwanga unapoishia kabla ya kubadilisha shokapu, na baada ya kubadilisha ushushe taa mpaka irudi kwenye alama ileile.

Usukani utauona umebadilika. Kutoka ekseli hadi ekseli pikipiki hizi zina kama mita 1.3, ukishusha nyuma 28 uma wa mbele unalala kama nyuzi 1.2. Haisikiki sana, inakuwa tulivu kwenye njia iliyonyooka na mvivu kidogo kukata kona, kwenye foleni ya Sabasaba utaona unasukuma usukani zaidi kidogo. Kwa 25 mi naiacha hivyohivyo. Kuna wanaopandisha bomba za mbele kwenye pleti zinazozishika pale chini ya usukani kwa milimita 10 ili kusawazisha, inawezekana kama pleti ya juu inabana bomba kwa boliti ya pembeni. Kama juu kuna boliti kubwa inayofunika bomba na kulibana kwenye pleti, kama zilivyo nyingi za aina ya Honda CG, hilo bomba halipandi, na usimruhusu mtu alichonge.

Jaribio la kwanza fanya mwenyewe bila abiria, barabara ya mtaa yenye matuta, iwe Kisasa au Nkuhungu, matuta hayakosekani. Funga kamba nyembamba ya plastiki kwenye shafti ya shokapu, isukume mpaka kwenye mdomo wa silinda, na paka chaki nyeupe nyingi juu ya tairi. Pita tuta polepole, rudi, ongeza spidi kidogo, rudi. Kisha weka mtu nyuma, pita tena. Simama uangalie ile kamba imesukumwa mpaka wapi na kama kuna chaki ndani ya madigadi. Kamba ikiwa imegusana na raba na hujabeba mzigo wowote, ongeza ngazi moja au mbili za springi, ujaribu tena. Chaki ikionekana ndani, hata mstari mmoja mwembamba, rudisha za zamani kwanza, mengine mtaongea baadae. Sikiliza pia chini, stendi ya kati na ekzosi zimeshuka pamoja na siti, tuta refu la mviringo linaweza kukwangua, hapo unajifunza kulipanda kwa upande na taratibu. Kona nazo, vile vikanyagio vitafika chini mapema.

Baada ya wiki ya kutembea kagua nati zote nne tena.

Njia za mkato ambazo utaambiwa ukilalamikia bei: kukata koili moja au mbili za springi, na kufunga vipande vya bati vya kurudisha shokapu nyuma au kuilaza. Koili ikikatwa, springi inakuwa fupi kuliko nafasi yake, tairi likining'inia inacheza ovyo na inaweza kukaa upande, na shokapu yenyewe haijafupishwa kitu, mwendo wake ni uleule, ila springi imepoteza mkazo wake wa mwanzo, kwahiyo shokapu inagonga mwisho vizuri tu. Kuifungua shokapu nako bila kifaa cha kubania springi ni hatari, ile springi imebanwa ndani na ikiachia inaruka na chochote kilicho mbele yake, hata kidole au jino. Vipande vya bati navyo vinaongeza nguvu inayoelemea boliti kwa namna ambayo fremu haikupangwa kuibeba, na vikikatika vinakatika ukiwa na abiria, havisubiri ukiwa peke yako nyumbani.

Kama kazi yako ni bodaboda kamili, abiria asubuhi mpaka usiku na magunia ya mkaa siku za soko, mi nakushauri uache shokapu za kiwandani, chonga siti, vaa buti lenye soli nene, basi. Shokapu fupi zimfae mtu wa kwenda kazini na kurudi, chuoni UDOM, Mtumba, Ihumwa, na mara mojamoja mtu mmoja nyuma.

Na zile za zamani usimwachie fundi. Zifute, zipake mafuta kidogo kwenye shafti, zifunge kwenye mfuko pamoja na boliti na washa zake, uziweke ndani. Siku ukiuza pikipiki mnunuzi mrefu atazitaka, na siku ukipata safari ya kubeba mzigo kwenda Kondoa utazirudisha mwenyewe, ila cheni, breki na taa urudi kuvipima upya kama ulivyofanya mwanzo, na chini ya stendi uliyoikata weka kibao kila unapoegesha, maana sasa itakuwa inalala mno.